Soketi ya Jikoni

Chande alinipigia kabla jua halijakauka nguo:
"Fundi Sikujua, soketi ya jikoni imenuna.
Ukichomeka jagi inaguna kidogo, kisha kimya.
Jana imetoa harufu. Harufu ya ukucha uliochomwa."

Getini Kurasini mlinzi akaandika jina langu, akacheka
kama wanavyocheka wote: "Hukujua nini?"
"Mengi," nikamwambia, nikapita na begi langu.

Boti ilikuwa gatini, tumbo limejaa saruji na kreti za soda,
ikipanda, ikishuka, kama kifua cha mgonjwa aliyepata usingizi.
Jiko lake dogo: mkiingia wawili, mmoja abane pumzi.

Sikugusa kitu. Niliuliza kwanza.
Ilianza lini? Kwa jenereta au kwa umeme wa gati?
Na friji?
"Friji haina neno. Hii tu. Tukiwa safarini, injini ikitetema,
inawaka inazima, inawaka inazima, kama taa za harusi."
Nikajua nusu. Kinachoamka kwa kutikiswa hakijafa,
kimelegea.

Mita niliijaribu kwenye soketi ya friji, nione kama inasema kweli:
mia mbili thelathini na moja. Haya.
Nikazima breka, nikabandika karatasi, MTU YUKO KAZINI,
nikachomoa na waya wa gati,
maana boti hunyonya kwa mama wawili
na ukimsahau mmoja, huyo ndiye atakayekuua.
Nikapima tena. Sifuri. Tena. Sifuri.

Skrubu ya kwanza ilikubali.
Ya pili ilikuwa imeoana na chumvi;
nikaitilia tone la mafuta ya taa, nikangoja,
Chande akamenya vitunguu.

Uso ukatoka.
Nyuma yake shaba imeota kijani,
plastiki imeungua kama ukoko wa wali,
na ule waya wa buluu, waya mgumu wa nyumba,
wa kulala ndani ya ukuta usiokwenda popote,
umekatika shingoni.
Umeungwa kwa kusokotwa, ukaviringishwa nailoni nyekundu
mizunguko minne, ncha imekunjwa ndani isifumuke.

Nikakaa juu ya ndoo.

Mkunjo ule naujua.
Bibi yangu alifunga hivyo karanga zake za kuuza, Temeke,
akanifundisha kabla sijajua kusoma.
Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni Chang'ombe juzi tu,
nimetandaza nyaya za vyumba sita Mbagala,
nikadhani boti ni nyumba iliyolowa.

"Mjinga gani alifanya hivi?" Chande, kisu hewani.
"Sikujua."
"Najua hukujua, nauliza ni nani."
Nikaweka kidole kifuani.
"Sikujua. Mimi."

Hakucheka. Alisogeza sufuria, akaniachia nafasi.

Nikakata waya kurudi nyuma: mweusi. Nikakata tena: mweusi bado.
Mara ya tatu shaba ikang'aa kama jino.
Nikaunga waya wa nyuzi nyingi, zilizopakwa bati,
unaopinda na mawimbi bila kuvunjika.
Kila ncha nikaivika kichwa, nikaibana kwa koleo,
nikaivuta kwa uzito wangu wote:
heri initoke mkononi leo kuliko kuwatoka wao huko Mafia.
Soketi mpya, ya Gerezani, ina kifuniko na mpira wa kuzuia maji.
Muuzaji alinionyesha ya elfu nne.
Nilimrudishia bila kusema kitu.

Breka juu. Jagi likaanza kunong'ona, kisha kuimba.
Tukanywa chai ya tangawizi tumesimama.
Baada ya robo saa niliweka kiganja juu ya kifuniko:
baridi.

Kwenye risiti niliandika soketi, waya, vichwa vya kubana.
Penye "ufundi" nikapiga mstari.
Chande akasoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

Nimekaa sasa juu ya kreti gatini,
nimefungua daftari la zamani,
natafuta namba za simu
za boti nyingine za mwaka ule.